Narudi Maabara, na Hapana, Sijafulia

Wiki jana niliweka picha moja tu. Mimi, koti jeupe, glavu za buluu, nywele zimefungwa nyuma kama za mwalimu wa zamu. Sikuandika maelezo marefu. Niliandika neno moja: "Narudi." Hata dakika kumi hazijaisha, wasee mkaanza. "Kwani umefulia?" "Kontenti imekataa?" "Si ungesema tukuchangie?" Mse mmoja akaniuliza kama hilo ni tangazo la sabuni. Anti yangu naye, yule yule aliyelia nilipoacha utafiti, akanipigia simu kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimekosana na watu wa matangazo.

Sijafulia. Sijakosana na mtu. Leo nataka kusema yote mahali pamoja, ndio nikiulizwa tena niwatumie tu hii.

Maoni yangu ni haya: kuacha sayansi si dhambi, kurudi si aibu, na nchi inayowafungia mlango waliotoka inajinyima mikono inayoihitaji sana. Nitaeleza kwa kutumia kile kitu ninachokirudia, yaani saratani ya matiti inapotoka kwa titi na kusambaa mwilini. Najua ni habari nzito. Tulieni, tutaenda polepole.

Kwanza, nilitokaje? Nilimaliza uzamili wa baiolojia ya molekuli nikapata kazi ya usaidizi wa utafiti, mkataba wa miezi sita sita. Kama hujawahi kuishi kwa mkataba wa miezi sita, wacha nikuambie inavyokuwa. Mwezi wa kwanza unashukuru Mungu. Mwezi wa tatu unaanza kuuliza kwa upole kama ufadhili utaendelea. Mwezi wa tano unatafuta kazi nyingine huku bado unaifanya hii. Mwezi wa sita unaambiwa ungoje kidogo, pesa ziko njiani. Mwenye keja naye hatambui pesa zilizo njiani.

Usiku nilikuwa narekodi vidio fupi za kueleza mambo ya mwili. Kwa nini watu hukoroma. Chanjo inafanyaje kazi. Pombe inalifanyia nini ini. Nilianza kwa mchezo tu, simu imeegemezwa kwa sufuria. Halafu siku moja kampuni ikanilipa, kwa tangazo la sekunde 40, zaidi ya nilichokuwa napata kwa miezi miwili ya kulisha seli. Mkataba wangu ulipoisha sikuomba mwingine. Sikuaga vizuri hata. Niliacha kikombe changu kwa rafu ya chai na sijawahi kukifuata.

Sijutii. Nataka hilo lieleweke kwa sababu kuna watu mnapenda hadithi ya mtu aliyepotea akarudi nyumbani analia. Mimi sikupotea. Kontenti ilinilipia nyumba, ikamlipia mdogo wangu karo, na ikanifundisha kitu ambacho chuo hakikunifundisha: jinsi ya kumweleza mtu jambo gumu kabla hajapitisha kidole kwenda kwa vidio nyingine. Miaka minne ilikuwa kazi, na ilikuwa kazi nzuri.

Sasa, Oktoba. Mnajua Oktoba. Kila kitu kinakuwa rangi ya waridi, kuanzia mabango hadi keki. Mwaka juzi nami nikatoa vidio yangu ya saratani ya matiti, nimevaa waridi kutoka kitambaa cha kichwa hadi raba. Nikaonyesha vile unajichunguza, nikaeleza dalili, nikamaliza kwa mstari ambao nilijiona mjanja sana kuuandika: "Ukigundua mapema, unapona. Kazi ni kwako." Ilitazamwa sana. Nilifurahi.

Siku tatu baadaye, tukiwa tumekwama ndani ya mat pale Pangani, nikafungua jumbe. Mama mmoja alikuwa ameniandikia hivi:

"Msichana wangu, vidio yako ni nzuri. Lakini mimi niligundua mapema. Nilienda hospitali wiki hiyo hiyo. Nilitolewa titi, nikafanyiwa kemo, nikapigwa mionzi, nikameza dawa miaka mitano bila kuruka siku. Mwaka wa saba imerudi, iko kwa mgongo. Sasa niambie, mimi nilikosea wapi?"

Niliandika jibu nikafuta. Nikaandika lingine nikafuta. Konda alikuwa ananidai nauli na mimi nimekodolea simu macho. Kilichoniuma ni kwamba nilijua jibu. Nililijua vizuri, kwa sababu hilo ndilo nililosomea. Hakukosea mahali popote. Mimi ndiye niliyekosea, kwa ule mstari wangu wa mwisho.

Wacha niwaeleze ninyi nilichomweleza yeye usiku ule.

Uvimbe ukiwa ndani ya titi peke yake, kwa kawaida si huo unaoua mtu. Titi si moyo, si mapafu. Linaweza kutolewa na mtu akaishi. Wengi wanaokufa kwa saratani ya matiti hufa kwa sababu seli za uvimbe ziliondoka kwa titi zikaenda kuishi kwingine, hasa kwa mifupa, mapafu, ini na ubongo. Kwa lugha ya maabara hiyo inaitwa metastasisi. Na ikifika kwa mfupa haigeuki kuwa saratani ya mfupa. Bado ni saratani ya matiti, imehama tu, na inatibiwa kama saratani ya matiti.

Kuhama kwenyewe si rahisi. Seli lazima ijinasue kutoka kwa wenzake, ipenye nyama iliyo karibu, iingie kwa mshipa wa damu au wa limfu, isukumwe na mkondo bila kupasuka, iwakwepe askari wa kinga ya mwili, itoke kwa mshipa mahali pageni, halafu ianze maisha upya kwa mtaa usioijua. Mwaka 1970, mwanasayansi Isaiah Fidler aliweka alama za mionzi kwa seli za saratani ya ngozi, akazidunga kwa mishipa ya panya, kisha akafuatilia zinaenda wapi. Baada ya saa 24, zilizobaki hai hazikufika hata 0.1%. Karibu zote zilikufa safarini. Ila kwa ugonjwa huu, hao wachache waliofika wanatosha.

Na hazikai popote tu. Mwaka 1889, daktari wa upasuaji wa London anayeitwa Stephen Paget alipitia rekodi za wanawake 735 waliokuwa wamekufa kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba ugonjwa ulipenda viungo fulani na kuviacha vingine, hata vile vinavyopata damu nyingi. Akaandika kwamba hii ni kama mbegu na udongo: mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota tu pale udongo unapoikubali. Shosho yeyote mwenye shamba angekuambia hivyo bila kusoma udaktari. Mahindi yanayokubali Kitale yatakataa Lodwar. Zaidi ya miaka 130 baadaye, bado tunauliza swali la Paget: huo udongo wa mfupa una nini ambacho mbegu hii inakipenda?

Halafu kuna usingizi. Hili ndilo lililompata yule mama. Baadhi ya seli zinaweza kutoka kwa titi mapema sana, hata kabla ya upasuaji, zikaenda kujificha kwa uboho wa mfupa na kulala. Hazigawanyiki, hazikui, haziumi, na picha za hospitali haziwezi kuziona. Dawa nyingi za kemo huzipiga seli zinazogawanyika haraka, kwa hivyo zile zilizolala zinapitwa tu, kama mtu aliyezima taa akanyamaza mwenye nyumba akipita kudai kodi. Miaka inapita. Kisha siku moja moja inaamka. Kwa ile aina ya saratani inayotegemea homoni ya estrojeni, watafiti wamewafuatilia wagonjwa kwa miaka 20 na kukuta kwamba hatari ya kurudi inaendelea muda wote huo, hata kwa waliomaliza vidonge vyao vya miaka mitano. Kwa nini inaamka mwaka wa saba na si wa tatu? Kwa nini kwa huyu na si kwa yule? Hayo bado hayajajibiwa vizuri. Mtu anaweza kufanya kila kitu sawa na bado ikarudi.

Sasa nisinukuliwe vibaya. Sijasema uchunguzi wa mapema ni bure. Ukipata uvimbe, au chuchu ikaingia ndani ghafla, au ngozi ya titi ikaanza kufanana na ganda la chungwa, nenda hospitali wiki hii, si baada ya mavuno. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha takriban wanawake 6,800 wapya Kenya wakipatikana na saratani ya matiti na zaidi ya 3,000 wakifa kwayo. Wengi wetu hufika hospitali tukiwa tumechelewa, kwa sababu ya hofu, nauli, foleni, au maombi na dawa za majani zilizojaribiwa kwanza. Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango mwaka 2021 wenye malengo matatu: angalau 60% ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, majibu yapatikane ndani ya siku 60, na angalau 80% wamalize matibabu yao. Tukifika hapo tutaokoa watu wengi sana. Wanaume pia, ingawa ni wachache, huugua.

Kwa hivyo kugundua mapema kunaongeza sana nafasi ya mtu, lakini hakumwahidi mtu chochote. Mimi niliigeuza nafasi kuwa ahadi kwa sababu ahadi hutazamwa zaidi. Na kila tunapofanya hivyo, tunamwambia mama aliye hatua ya nne kwamba alizembea. Oktoba nzima tunampigia makofi aliyepona, na yule ambaye imesambaa tunamwacha akae nyuma kabisa, kama mgeni ambaye hakualikwa.

Hapo ndipo wazo la kurudi lilianza kunisumbua. Vidio naweza kurekebisha. Lakini lile swali la yule mama halijibiwi na vidio. Linajibiwa na watu wanaokaa kwa hadubini saa kumi na moja jioni wakati wenzao wanaenda nyumbani.

Na kuna kitu kingine nilikuwa nimekisahau. Maabara nyingi duniani zinazochunguza ugonjwa huu hutumia seli zilizotoka kwa watu wachache sana. Kuna zinazoitwa MCF-7. Zilitolewa mwaka 1970 kwa maji yaliyojaa kando ya mapafu ya mtawa mmoja wa Marekani, Sista Catherine Frances Mallon, aliyekuwa akitibiwa Michigan. Yeye alifariki. Seli zake bado zinakua hadi leo, na kupitia kwazo dunia imejifunza mengi kuhusu vipokezi vya estrojeni na dawa zinazovilenga. Kuna nyingine zinazoitwa MDA-MB-231, zilizopatikana Houston mwaka 1973 kutoka kwa mwanamke mzungu wa miaka 51. Hizi hutumika sana kuchunguza kusambaa kwa sababu ni seli zinazopenda safari. Ona jambo hili: zote mbili zilitoka kwa maji ya mapafu. Yaani ni seli zilizokuwa zimeshahama. Wale wanawake wawili walikuwa kama yule mama wangu wa Pangani.

Ninawaheshimu sana. Lakini fikiria hivi. Aina ya saratani ya matiti isiyo na vile vipokezi vitatu vinavyolengwa na dawa nyingi inajulikana kutokea zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko wazungu. Wanawake wengi huku kwetu huugua wakiwa na umri mdogo kuliko wa Ulaya. Kama udongo una maana, kama Paget alivyosema, basi udongo wetu nao unafaa kuchunguzwa. Nani atauchunguza? Si lazima awe Mkenya peke yake, sayansi haina pasipoti. Lakini kama sisi wenyewe hatumo ndani ya chumba, usishangae maswali yetu yakiulizwa mwisho.

Basi nikaamua kurudi. Kumbe kutoka ni rahisi kuliko kurudi.

Fomu karibu zote zina ule mstari: "Eleza pengo katika wasifu wako." Pengo. Kama jino limeng'oka. Ufadhili mwingi una kikomo cha umri, na mwingine unataka digrii yako ya mwisho isizidi miaka kadhaa. Wanataka barua kutoka kwa msimamizi wako wa karibuni, na wa kwangu alishahamia nchi nyingine. Wanataka makala uliyochapisha juzi. Kwa mahojiano ya kwanza, mahali nisipopataja, mzee mmoja wa jopo aliangalia karatasi zangu, akavua miwani, akaniuliza: "Kwa hivyo miaka minne umekuwa ukicheza densi kwa simu?" Wenzake wakacheka. Nikacheka pia, ile ya kuficha machozi. Sikupata nafasi hiyo.

Nilipofika nyumbani nilikasirika. Sikatai kuulizwa. Mtu akikaa nje miaka minne ni haki aulizwe kama bado anajua kazi. Nilichokasirikia ni kwamba hakuniuliza kama najua kazi. Alikuwa ameshaamua.

Kuna nchi ambazo zilishalifikiria hili. Uingereza kulikuwa na mwanafizikia anayeitwa Daphne Jackson, mwanamke wa kwanza nchini humo kuwa profesa wa fizikia. Aliona wanawake wenye digrii kubwa wakishindwa kurudi kwa sayansi baada ya kulea watoto, wakiishia kwa kazi zisizotumia walichosomea. Mwaka 1985 akaanzisha ufadhili maalumu wa kuwarudisha. Alifariki 1991, na shirika lenye jina lake bado linawasaidia wanawake na wanaume waliotoka kwa utafiti miaka miwili au zaidi. Wanapewa muda, mradi, msimamizi na mafunzo ya kuamsha mikono. Hakuna anayewauliza kuhusu densi.

Sisi je? Tuna sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013 inayosema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti ipewe 2% ya pato la taifa kila mwaka. Hatujawahi kufika hapo. Mtu atasema, shida ni pesa, si mlango. Sawa, lakini pesa kidogo ndiyo sababu ya mlango kuwa muhimu zaidi. Umeshalipa karo ya mtu huyu hadi uzamili. Ameshajua kushika pipeti, kusoma makala, kulinda sampuli. Halafu kwa sababu mkataba wake uliisha akaenda kuuza viatu mtandaoni, au akaenda kujifungua, au akaenda kumuuguza babake kijijini, unamwambia hafai tena? Mkulima gani hutupa jembe kwa sababu halikutumika msimu mmoja?

Mnisikie vizuri. Siombi tupewe nafasi kwa huruma. Naomba vitu vitatu tu. Kikomo cha umri kwa ufadhili wa utafiti kiondolewe, au angalau miaka uliyokuwa nje isihesabiwe. Kuwe na nafasi chache kila mwaka za waliotoka, zenye miezi ya kwanza ya kujikumbusha kazi. Na badala ya kuuliza "mbona uliacha?", jopo liulize "umekuja na nini?" Kwa sababu tunakuja na kitu. Aliyelea mtoto anakuja na subira. Aliyeuza viatu anakuja akijua hesabu ya bajeti kuliko profesa. Mimi nimekuja nikijua kuongea na mgonjwa bila kumtisha wala kumdanganya, na hilo pia nimejifunza kwa kukosea.

Mwishowe nilipata msimamizi aliyeniuliza swali sahihi. Alinipa karatasi ya matokeo, akasema, "Niambie hapa kuna shida gani." Nikaiona shida. Akasema nianze mwezi unaofuata. Sasa ni mwanafunzi wa uzamifu, hapa hapa Nairobi. Kazi yangu ni kukuza seli za saratani ya matiti pamoja na seli za uboho na kuangalia ni zipi zinalala, ni zipi zinaamka, na ni protini gani zinabadilika zinapoamka. Ni kipande kidogo sana cha swali kubwa sana. Nikimaliza sitakuwa nimepata dawa. Nikiwa na bahati, nitakuwa nimefunga njia moja ambayo wengine hawatapoteza muda kuipita.

Na ukweli wote usemwe, maana nisiwauzie ndoto. Posho yangu ni chini ya nusu ya nilichokuwa napata kwa mwezi mzuri wa matangazo. Nimehama keja ya vyumba viwili nikaingia bedsita. Wiki ya pili, flaski zangu nne zilimea kuvu kwa sababu nilisahau kitu cha kijinga kabisa, kupangusa chupa kwa spiriti kabla ya kuingiza chini ya hudi. Nilikuwa nakifanya hicho kitu usingizini zamani. Aliyenifundisha upya ni msichana wa miaka 22 ambaye huniita Daktari wa TikTok. Siku ile stima ilipotea na jenereta ikachelewa kuwaka, nilisimama mbele ya friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri nikiomba kama niko kwa mkesha. Usiku huo nilijiuliza kama nimerogwa.

Lakini asubuhi nilifungua inkubeta, nyuzi 37, ile hewa ya joto ikanipiga uso, nikaweka flaski mpya chini ya hadubini na seli zilikuwa zimeshika chini, zimejinyoosha vizuri, hai. Nilipiga kelele. Yule wa miaka 22 akanitazama kama mshamba. Wacha anitazame.

Kwa hivyo wewe uliyeacha kitu, iwe ni maabara, iwe ni uhandisi, iwe ni ualimu, na usiku bado unakifikiria, sikwambii urudi. Si kila mtu anafaa kurudi, na kuna vitu tuliviacha kwa sababu nzuri. Nakwambia tu usibaki nje kwa kuogopa maoni ya watu. Mimi nimeambiwa nimefulia na watu 300 kwa siku moja na bado nikala chapo zangu nikalala.

Yule mama bado yuko. Anameza vidonge vyake, anadungwa sindano ya mifupa kila miezi mitatu, na Jumamosi anaenda chama. Nilipomwambia narudi maabara kwa sababu ya swali lake, nilitarajia baraka na machozi. Akaniandikia hivi: "Usiniahidi dawa, msichana wangu. Niahidi tu hutasema tena kwamba ni makosa yangu."

Nimeahidi. Ile vidio ya waridi nimeitoa, na nitairekodi upya bila ule mstari wa mwisho. Za Alhamisi zitaendelea, ila zikichelewa mnivumilie. Seli hazijui Alhamisi, na hizi zangu zinataka kulishwa saa kumi na mbili asubuhi.